Tone Lako, Tone Langu

"Leo ukungu umekataa kuondoka," Tecla alisema, amesimama mlangoni, mkono umeshika mwimo.

Johana, mume wake, alikuwa uani akimfunga ndama. Aliinua kichwa akatazama upande wa mashamba. Jua lilikuwa limeshapita juu ya mikaratusi, na chai yote, kutoka kwao mpaka bondeni, ilikuwa inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Ukungu ulikuwa umeondoka tangu wakati wa kukamua. Akamtazama mke wake, jinsi alivyokunja uso, na machozi yakimtiririka upande mmoja tu, upande wa kushoto. Johana alikuwa mtu wa kunyamaza kwanza.

"Utaondoka," alisema mwishowe, akarudi kwa ndama wake.

Jicho la kushoto ndilo Tecla alilokuwa nalo. Lile la kulia lilichomwa na kisiki cha mchai uliopogolewa, mwaka ule alipomwachisha ziwa kitindamimba wake, na tangu hapo likabaki jeupe kama ganda la yai. La kushoto likafanya kazi ya mawili bila kulalamika. Alikuwa na mazoea ya kujisifu kwamba jicho lake moja linatosha nyumba mbili, na watu wa kilima kile cha karibu na Chepilat, mpakani mwa Wakipsigis na Wagusii, walicheka kwa sababu ilikuwa kweli. Nyumba ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya Bosibori, jirani yake wa ng'ambo ya ua.

Sasa ilikuwa siku ya nne jicho hilo likilalamika. Ilianza na homa ndogo iliyomwachia kidonda kwenye mdomo, kama vile alivyozoea kupata tangu utotoni. Homa ikaisha, kidonda kikakauka, lakini jicho likaanza kuuma kana kwamba kuna mchanga chini ya kope. Mwanga wa mlangoni ulimchoma. Alirudi ndani, akapapasa nyuma ya sufuria, akakipata kichupa kidogo cha plastiki. Akainua uso, akajitilia matone mawili badala ya moja, na kungoja ule ubaridi mtamu aliouzoea.

Haukuja. Akaongeza la tatu. Kisha akajifunga kiunoni gauni lake la plastiki la kuzuia umande, akachukua kikapu, akaenda kuchuna majani.

&nbsp;

Saa nane mchana, kwenye banda la kupimia majani, karani Hezekiah alitumbukiza mkono katika kikapu cha Tecla, akautoa na kuutazama.

"Mama Kipkurui, leo umetuletea chai ama kuni?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Hezekiah akamwaga majani yote juu ya gunia ili kila mtu aone. Kulikuwa na vijiti virefu, kulikuwa na majani magumu yaliyokomaa ambayo wachunaji huyaita banji, na hata tawi zima la magugu. Tecla aliinama akatazama. Aliona kijani tu. Kijani kimoja, kama blanketi.

Alikuwa ameleta majani katika banda lile miaka thelathini. Alilijua tangu lilipokuwa nguzo nne na paa la mabati yaliyotoboka, mizani ikining'inia kwa mnyororo, na kalamu ya karani ikifungwa kwa uzi ili isiibwe. Makarani wamekuja wakaenda, wengine wakazeeka, wengine wakazikwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudishia majani. Alisimama pale mikono ikiwa mitupu, hajui aiweke wapi.

Bosibori alitoka kwenye foleni, akapiga magoti mbele ya gunia na kuanza kuchambua. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Aliongea bila kumtazama karani.

"Hezekiah, unamcheka mama aliyekubeba mgongoni mama yako akienda kujifungua mdogo wako?"

"Kogo, mimi sicheki," Hezekiah alisema, akimwita bibi kwa Kikipsigis, na sasa sauti ilikuwa imeshuka. "Ni kiwanda itarudisha. Halafu ni mimi nitaulizwa."

"Basi uliza kwa adabu kabla hujaulizwa."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii upande mwingine. Tecla alipiga magoti pia, akajifanya anachambua. Alichukua jani, akalirudisha. Bosibori aliona, akasogeza rundo karibu naye, kama mtu anavyomsogezea mtoto chakula.

Hapo ndipo Tecla alipokumbuka kwamba mwaka jana tu walikuwa wamepiga magoti hivi hivi, mahali hapa hapa, na anayechambua alikuwa yeye.

Miaka mitatu Bosibori alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, yamefunikwa kama dirisha lenye vumbi. Wanawe walitaka akae nyumbani. Tecla akakataa. Kila asubuhi alimshika mkono mpaka kwenye mistari ya chai, akalaza ufito juu ya meza ya michai, yaani usawa wa vichwa vyake vilivyopogolewa, ule ufito mrefu wa kupimia ambao kila mchunaji anao, na kumwambia, "Ufito uko hapo. Juu yake ni yako. Chini yake ni ya kesho." Bosibori alipitisha vidole juu ya ufito na kuvunja kile kilichosimama juu yake. Majani mawili na kichipukizi huvunjika kwa sauti laini. Banji hukataa. Bosibori alijifunza kusikiliza. Alichuna huku akiimba nyimbo za kwao Nyamira, akikosea maneno makusudi, akiamini kwamba Tecla, ambaye hakujua Kigusii, hatagundua. Kabla ya kupima, Tecla alichambua kikapu chake. Hakuna karani aliyegundua. Au waligundua wakanyamaza, maana makarani wa zamani walikuwa na moyo.

Kisha Pasaka iliyopita wakaja madaktari kwenye uwanja wa kanisa, wakawamulika wazee macho, wakawachukua wale wa kupasuliwa. Bosibori alirudi baada ya siku mbili na bandeji. Siku ilipotolewa, kila mtu alingoja atasema nini. Alimtazama Tecla kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mosani," alisema, maana hivyo ndivyo Wagusii huita rafiki, na ndilo neno walilotumia wao wawili, "kumbe umezeeka hivi."

Walicheka mpaka wakakaa chini.

Alirudi pia na kichupa cha dawa ya matone. Na mwezi uliofuata, wakati wa kupogoa, vumbi na moshi vilipoanza kumwasha Tecla jicho, Bosibori alikitoa kifuani. Hii ndiyo dawa iliyomfungua macho, alieleza, basi na Tecla aweke. Baina ya nyumba zile mbili hakuna kilichowahi kuwa cha mtu mmoja. Chumvi, makaa ya moto, mbegu ya wimbi, ndoo ya kukamulia, yote yalivuka ua na kurudi au yasirudi. Walikaa kwenye benchi la banda, nyuso zimeinuliwa juu kama kuku wanaokunywa maji. Tone lako, tone langu. Jioni hiyo hiyo kuwashwa kukaisha, na jicho la Tecla likawa safi kama la msichana.

Kichupa kilipoisha, Bosibori alibeba kile kitupu hadi duka la dawa sokoni. Muuzaji alisoma maandishi, akampa kingine. Hakuna aliyemuuliza kitu. Kilipoisha hicho, Tecla akaenda yeye. Sasa ilikuwa ni miezi mitano na kichupa cha nne, na kila asubuhi kabla ya kuingia chai, tone lako, tone langu.

&nbsp;

Jumamosi mwanawe Kipkurui alikuja kutoka Kericho, ambako alikuwa na kibanda cha kutengeneza pikipiki. Mama yake alimkaribisha, akamwambia akae, akainua birika na kummiminia chai kando ya kikombe. Chai ilitambaa mezani ikamfikia kijana kwenye suruali. Tecla aliendelea kumimina, anatabasamu.

Kipkurui hakuruka. Alimshika mama yake mkono taratibu, akalichukua birika.

Jumatatu walikuwa hospitali ya macho kabla ya saa mbili. Muuguzi alimsimamisha Tecla mbali na ubao wenye alama kama uma wa meno matatu, akamwambia aonyeshe kwa vidole meno yanaelekea wapi. Tecla hakuwahi kusoma, lakini mwanzoni mwa mwaka ule ule aliweza kusimama kwenye kilima chao na kuona mbuzi wa nani ameingia maharage ya nani. Sasa hakuuona hata ubao. Akanyoosha vidole juu, kisha chini, akibahatisha. Muuguzi alimgeukia Kipkurui akamuuliza kama huyu mama anaweza kuhesabu vidole, na Kipkurui akajibu kwa niaba yake, na Tecla alikaa pale katikati yao kama mzigo unaozungumziwa bei.

Daktari alikuwa tofauti. Aliitwa Bethwel, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, na alimsalimia kwanza kwa Kikipsigis. Alimweka kidevu kwenye kifaa, akamgusa jicho kwa karatasi yenye rangi ya manjano, akawasha mwanga wa buluu. Kisha akapiga picha na kuigeuza kwa Kipkurui.

"Unaona hapa panapong'aa?"

"Ni kama tawi la chai," Kipkurui alisema.

Na ni kweli. Juu ya jicho la mama yake, katika ule mwanga wa buluu, palikuwa na tawi la kijani kibichi, lenye vijitawi, na ncha za vijitawi zimevimba kama machipukizi. Lakini katikati matawi yalikuwa yameungana yakawa kidonda kimoja kipana, bila umbo.

Daktari alieleza polepole. Ni virusi, vile vile vya kidonda cha mdomo baada ya homa. Watu wengi wanavyo tangu utotoni, vimelala mwilini, na mwili una walinzi wake wa kuvilaza. Vikiamka huweza kwenda mdomoni, na mara nyingine hupanda kwenye jicho. Vikipanda, tawi huwa jembamba na hupona. Hili halikuwa jembamba. Hili lilikuwa limelishwa.

"Mama, umekuwa ukiweka dawa gani?"

Tecla alifungua leso, akatoa kichupa. Daktari alikishika kwa vidole viwili, akakitazama, na akapumua kwa pua.

"Hii ni steroidi. Ni dawa nzuri ikiwa mahali pake. Inaondoa wekundu haraka, inaondoa kuwasha, mtu anafurahi. Lakini inafanya hivyo kwa kuwalaza wale walinzi."

Tecla alielewa kuliko walivyodhani. Mbwa wako anabweka usiku kucha, ukampa kitu akalala, na wewe ukalala ukishukuru kwamba mwizi ameondoka.

"Nilivyoumwa nikaongeza," alisema.

"Najua. Wengi huongeza. Nani alikuandikia?"

"Nilinunua tu."

"Hii tunawapa watu waliopasuliwa, kwa wiki chache, halafu tunawaondoa. Haitoki hivi hivi. Kuna mtu mnatumia naye?"

Kipkurui alimgeukia mama yake. Tecla alisikia kiti chake kikilia. Alimjua mwanawe, alijua mdomo wake, alijua maneno ambayo vijana wa siku hizi huokota huko mijini kuhusu watu wa ng'ambo ya mpaka na kurudi nayo nyumbani.

"Hakuna mtu," alisema.

Daktari alikiweka kichupa kwenye droo yake. "Kama yuko, mlete. Mdomo wa chupa hugusa jicho lako, halafu unagusa lake. Na kama alipasuliwa na bado anaweka hii, anaweza kupoteza kile alichopewa, na asisikie hata maumivu. Mimi sitamgombeza."

"Hakuna," Tecla alisema tena.

Akapewa dawa ya kupaka, mara tano kwa siku, na vidonge. Kuhusu jicho, daktari hakuahidi kitu. Alisema watajua baada ya wiki chache kama litabaki la kuonea au la kukaa tu usoni.

&nbsp;

Johana ndiye aliyepaka. Vidole vyake vilikuwa vinene kama mihogo, vimezoea jembe na chuchu za ng'ombe, na sasa vilipewa kazi ya kuvuta kope.

"Fungua."

"Nimefungua."

"Hujafungua."

"Johana, hiyo ni pua."

Alikuwa hajamshika uso namna ile tangu ujana wao, zamani alipokuwa akimvizia njiani akitoka kisimani na kumfuta tope shavuni ambalo halikuwepo. Tecla alifumba jicho, dawa ikisambaa, na kwa muda mfupi alisahau kuogopa. Lakini hofu ilirudi kila asubuhi kabla hajafungua macho. Alikuwa akijilalia pale akihesabu vitu anavyotaka kuona tena: maandishi aliyochonga Kipkurui mlangoni alipoanza shule, mistari ya mkono wake mwenyewe, jani la chai likiwa na umande. Kisha alifungua, na ukungu ulikuwa pale pale.

Siku mbili alituma mtu kumwambia Bosibori kwamba amelala. Siku ya tatu Bosibori aliingia bila kuitwa, amebeba ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga ndani ya bakuli lenye kifuniko. Johana alikuwa amekaa kwenye kigoda chake pembeni. Kipkurui alikuwa nje akirekebisha bomba la maji, maana alikuwa amekataa kurudi kazini mpaka aone mama yake anaendeleaje.

Bosibori alikaa karibu na mlango. Alieleza habari za banda, kwamba Hezekiah alikuwa akimuulizia, na kwamba alikuwa na haya. Alieleza habari za mvua. Kisha akasema, kama mtu anayeomba chumvi, "Mosani, mimi pia nimekuja kwa tone langu. Tangu uende hospitali sijaweka. Kichwa kinaniuma upande huu, na taa naiona ina duara."

Tecla alikuwa amejiambia kwamba kunyamaza kwake ni kumlinda rafiki yake. Sasa aliona kwamba alikuwa akimlinda na maneno ya Kipkurui, huku akimwacha apofuke.

"Hakuna tone tena," alisema. "Daktari amechukua. Ile dawa ndiyo iliyokula jicho langu."

Kifuniko cha bakuli kililia kidogo juu ya magoti ya Bosibori. Johana aliacha kukuna mguu.

"Ile niliyokupa mimi?"

"Ile."

"Ni mimi nilikupa," Bosibori alisema, si kwa Tecla, bali kwa bakuli. "Na mkono huu."

"Ulinipa na nikapokea. Daktari aliniuliza ni nani nikasema hakuna mtu. Nimekosa. Alisema na wewe uende, aliniambia mara mbili. Hilo la taa na duara, Bosibori, kesho twende."

Walikuwa wamesahau kwamba bomba lilikuwa limenyamaza. Kipkurui alikuwa mlangoni, mikono imelowa.

"Kwa hivyo ni yeye," alisema. "Kila siku nawaambia. Hawa watu tuliwapa shamba, tukawapa njia, sasa wametoa mama jicho. Jicho moja, na walijua ni moja."

Bosibori aliweka bakuli chini, akainuka nusu, kama hajui kama amefukuzwa. Alisema kwa sauti ndogo:

"Mimi niliona ni dawa nzuri. Kitu kizuri nitakula peke yangu?"

Johana alisafisha koo. Alikuwa mtu wa kunyamaza kwanza, na watu walikuwa wamesahau kwamba baada ya kwanza huja pili.

"Kipkurui. Shamba hatukuwapa. Ombui, mume wake, alinunua kwa baba yangu, akalipa mpaka shilingi ya mwisho, na baba akala hiyo pesa yote kwa pombe. Hilo moja. La pili, ulipokuwa na mwezi mmoja mama yako alishikwa na homa ya mapafu. Wiki mbili hakuwa na maziwa. Unajua ulinyonya wapi?"

Kipkurui alitazama nje, upande wa ua.

"Ulinyonya huko ng'ambo ya ua. Upande mmoja wewe, upande mwingine mtoto wake. Hakuna aliyeuliza maziwa ni ya nani." Akamwonyesha Tecla kwa kidevu. "Hiyo ndiyo desturi iliyokulea. Na hiyo hiyo ndiyo imeharibu jicho la mama yako. Mimi pia sijui nifanye nini nayo. Lakini hutamwita huyu mama 'hawa watu' ndani ya nyumba yangu."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye vidole vya Kipkurui hadi sakafuni. Baadaye kidogo aliinama, akaokota bakuli, akaliweka mezani. Akatafuta sahani.

&nbsp;

Kesho yake aliwapeleka wote wawili. Hakuomba radhi kwa maneno. Alimbebea Bosibori mkoba njia nzima, mkoba mdogo usiokuwa na kitu ndani ila leso na kitambulisho, akaushika kwa mikono miwili.

Daktari Bethwel alikuwa amesema hatagombeza, lakini aligombeza kidogo. Aliwasimamisha mbele ya meza yake kama watoto waliokutwa juu ya mpera, wanawake wawili wenye wajukuu, na akawauliza kama wangeweza kuvaa meno ya mtu mwingine. Bosibori alijibu kwamba ikiwa yanatosha. Tecla aliangua kicheko, akaumia jicho, akacheka zaidi. Daktari aligeuza uso ukutani.

Bosibori hakuwa na virusi. Lakini ile dawa ilikuwa imepandisha presha ndani ya macho yake, na hiyo ndiyo ilikuwa duara kwenye taa. Walimpa dawa nyingine ya kushusha, yake mwenyewe, na jina lake likaandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Daktari alisema Bosibori angekawia miezi michache tu, wangekuwa wanazungumza habari nyingine.

Kidonda cha Tecla kilifunga wiki ya tano. Maumivu yakaisha, mwanga ukaacha kuchoma. Lakini mahali pa kidonda palibaki kovu, na lilikaa katikati, mahali pa kuonea.

"Utamwona mtu," daktari alimwambia. "Utaona mlango, utaona njia, utaona ng'ombe. Jani moja moja hutaliona." Alieleza kwamba kuna kioo cha jicho kinachoweza kubadilishwa huko Nairobi, na kwamba foleni yake ni ndefu, na kwamba ataliandika jina lake. Tecla alimshukuru. Aliuliza kitu kimoja tu, kama huu ukungu utaondoka, na daktari akasema utapungua kidogo.

Nyumbani walimweka kwenye kiti kizuri. Kipkurui aliajiri mchunaji, akarudi Kericho. Majirani walikuja kumsalimia Tecla kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio ndiyo yaliyoharibika. Alipewa maharage ya kutoa maganda. Asubuhi alisikia wanawake wakipita na vikapu wakiteremka kwenye chai, wakicheka, na harufu ya majani mabichi ilikuja mpaka mlangoni pake, ile harufu iliyokuwa ikikaa mikononi mwake hata akioga, hata siku ya Jumapili kanisani. Aliinusa mikono yake. Ilinuka sabuni.

Alikaa hivyo wiki moja. Jumatatu ya pili Bosibori alivuka ua na vikapu viwili.

"Inuka."

"Nitaharibu majani. Hezekiah atamwaga tena."

"Hezekiah atangoja nimalize kuchambua. Mimi nilikuharibia majani miaka mitatu. Inuka, jua linapanda."

Johana alimletea gauni la plastiki. Alikuwa ameshalifuta vumbi.

Walishuka wameshikana mikono. Kwenye mstari wa kwanza Bosibori alimsimamisha, akalaza kitu juu ya meza ya michai. Tecla alinyoosha mkono, akakipata. Ulikuwa ufito wake mwenyewe, wa zamani, umelainishwa na viganja vyake miaka mingi, na pale katikati palikuwa na kile kifundo alichokijua.

"Ufito uko hapo," Bosibori alisema. "Juu yake ni yako."

"Chini yake?"

"Chini yake ni ya kesho."

Tecla alipitisha vidole. Akavunja. Jani la kwanza lilikataa, gumu, akalitupa kabla hajaambiwa. La pili lilivunjika kwa sauti laini, na la tatu, na la nne. Umande ulimwingia kwenye mikono. Bosibori alianza kuimba, na Tecla, ambaye baada ya miaka yote hiyo alikuwa ameshajua, akamwambia hapo amekosea.

"Umejuaje?"

"Nilijua zamani."

Wakachuna. Baada ya muda Bosibori aliuliza, kama mtu anayeuliza kitu kidogo, "Unaniona hapa nilipo?"

Tecla aliinua uso. Kupitia ule ukungu mwembamba alimwona, amesimama, chai ikimfika kiunoni, kitambaa chekundu kichwani. Mikunjo ilikuwa imefutika. Mvi zilikuwa zimefutika. Alikuwa yule mwanamke wa siku ile ya mvua ya kwanza, miaka thelathini iliyopita, aliyesimama peke yake nje ya banda na mtoto mgongoni, mgeni, hajui foleni inaanzia wapi, mpaka Tecla akamsogezea nafasi chini ya mabati.

"Nakuona," alisema. "Mosani, kumbe hujazeeka hata kidogo."

Alingoja kicheko. Hakikuja. Alisikia Bosibori akivuta pumzi, akivuta kamasi, akijifuta uso kwa mkono wenye majani. Kisha ufito ukainuliwa, ukasogezwa hatua moja mbele, ukalazwa.

"Songa," Bosibori alisema. "Uko hapa sasa."